Mpagazi wa Chuma wa Bwana Reginald

Machi 3, 1955

Mimi ni Lesikar wa Sakina. Umri wangu umepita miaka sitini, ingawa aliyejua hesabu kamili alikufa kabla yangu, kama walivyokufa wengine wote. Nilipozaliwa ng'ombe wa nchi hii walikuwa wanakufa kwa sotoka, mimi nikabaki. Ikaja ndui, nikabaki. Wakaja Wajerumani na viboko vyao wakajenga boma, nikabaki. Boma lipo, wao hawapo. Katika vita vya kwanza nilibeba mizigo ya Wajerumani hadi Kondoa, nikatoroka, nikabeba ya Waingereza kurudi, na wapagazi wenzangu wamezikwa njia nzima. Nimemzika mke mmoja, nimeshinda nzige, nimepoteza meno tu. Anayesema Lesikar amechoka ajue anamsema nani.

Kusoma nilifundishwa nusu katika darasa la ubatizo Ilboru. Nusu ya pili nimejifundisha mwenyewe. Naandika kwa sababu leo mashine imefika gerejini, na sitaki baadaye mtu aniambie sikuona.

Machi 5

Gereji ya Bwana Reginald iko mjini, upande wa mto. Magari ni mengi kuliko nafasi. Wazungu wa kahawa wanaacha yao, wawindaji wanaacha yao, Wahindi wa maduka wanaacha yao. Mkubwa wa kuyapanga ni mimi. Vijana wanasukuma, mimi naonyesha kwa fimbo. La mtu anayeondoka mapema naliweka mlangoni, la mtu aliyekwenda Nairobi naliweka ukutani. Sijakwaruza hata moja isipokuwa la daktari, na lile lilikuwa kosa la daktari. Kabla ya kusukuma napiga kioo na kusema hodi, maana madereva hulala ndani wakingoja mabwana zao. Gari ni nyumba ya mtu.

Sasa wamesimamisha kichanja cha chuma cha ngazi tatu, chenye matundu kama mizinga ya nyuki iliyopangwa. Chini kuna sahani ya chuma. Gari linawekwa juu ya sahani, dereva anashuka, mtu mmoja anabonyeza swichi ukutani, na sahani inapanda na gari, inalisukuma kwenye tundu lake, inarudi tupu. Ukilitaka gari lako, inakwenda kulichukua yenyewe. Bwana anaiita roboti. Sisi tumeiita Mpagazi.

Nimekuwa mpagazi. Mpagazi ana macho. Huyu hana.

Na wa kubonyeza swichi amechaguliwa Eliamini, mume wa binti yangu Soila, kwa sababu amesoma. Mimi nimepewa brashi ya kukwangua matope kwenye magurudumu pale mlangoni, ili magari yasiteleze juu ya sahani.

Machi 9

Mvua imeanza. Mlima Meru hauonekani.

Machi 12

Leo Bwana alileta wageni, akamsogeza Eliamini pembeni, akabonyeza mwenyewe. Gari la kwanza lilikuwa la Mgiriki wa shamba la mkonge. Likapanda vizuri, likaingia tundu la juu kabisa, wageni wakapiga makofi. Halafu tukasikia mtu anapiga ngumi kwenye chuma huko juu na kulia kama mbuzi.

Alikuwa Lomayani, dereva wa Mgiriki, amelala kiti cha nyuma amejifunika blanketi. Aliposhushwa alikuwa na rangi ya majivu.

"Mzee Lesikar," akaniambia, "nilifumbua macho nikaona giza. Nikagusa juu, chuma. Nikasema basi, ndiyo hivi. Ila sikujua mbinguni kunanuka petroli."

"Nani kakwambia ulikuwa unakwenda mbinguni?"

Vijana wakacheka mpaka wakashika matumbo. Eliamini hakucheka. Alikuwa anaitazama swichi.

Jioni Bwana akatoa amri. Mwendeshaji achungulie madirisha ya pande zote mbili, apige kengele, ndipo abonyeze. Mtu akiumia ndani ya gari, jela ni ya mwendeshaji. Hakusema leo aliyebonyeza alikuwa nani.

Machi 15

Mvua. Nimekwangua matope.

Machi 16

Mvua. Matope.

Machi 20, Jumapili

Kwetu Waarusha mtu na mama mkwe wake hawaonani. Akija kwetu anakohoa toka mbali, na mama anatafuta pa kujificha, nyuma ya mgomba au nyuma ya zizi. Akikosa pa kujificha anafunika kichwa na kugeukia ukuta. Si chuki. Ndiyo heshima kubwa kuliko zote tulizo nazo. Mke wangu Nosim anaishika kama anavyoishika imani yake, nami nilimwoa kwa sababu hiyo.

Leo baada ya ibada Eliamini amekuja kuleta sukari. Kikohozi chake kilikuwa kidogo kama cha msichana, na Nosim alikuwa uani anapukuchua mahindi. Eliamini akaingia kichwa juu. Nosim alitupa kanga usoni akajikunja pale pale chini. Nikamwita yule kijana pembeni.

"Umeinua macho."

"Samahani, baba. Nilidhani mama yuko ndani."

"Ukidhani, tazama chini. Ukiwa na hakika, tazama chini vilevile."

"Hata kama hayupo?"

"Hasa kama hayupo. Unachungulia watu kama unavyochungulia magari ya Wazungu. Hiyo shule imekufundisha macho, haikukufundisha pa kuyaweka. Ukirudia, Soila atarudi kulala kwa mama yake."

Akabaki ameinamisha kichwa. Alipoondoka Nosim akasema, "Baba Soila, umemsema mno mtoto wa watu."

"Ni mtoto wa watu, ndiyo maana nimemsema."

Sina haja ya mkwe mwenye vyeti. Nataka mkwe mwenye shingo inayopinda.

Machi 27

Amekuja tena. Amekohoa toka barabarani, na macho yake hayakupanda juu ya vidole vyake mpaka alipoondoka. Nimemwambia Nosim, unaona? Hata chuma hupinda kikipata mtu wa kukipinda.

Aprili 2

Umeme wa mji umekatika kwa mvua, na Mpagazi akasimama katikati na gari la mwindaji mdomoni, nusu ndani ya tundu, nusu hewani. Linayumba polepole. Bwana alionyesha gurudumu lenye mpini, la kushusha sahani kwa mkono, akasema ni kazi ya watu wawili wenye nguvu. Nilizungusha peke yangu. Baadaye Sadoki, kijana wa Lemara, akaja kunisaidia kwa ajili ya adabu tu.

Gari lile likiwa linayumba, Eliamini alisema taratibu, "Angekuwa mtu ndani akasogea upande mmoja, lingekuja chini."

Nikamwambia asiite mabaya.

Aprili 5

Kifua kinanibana. Si ugonjwa, ni unyevu. Nosim amesema kuanzia kesho ataniletea maziwa ya mgando mchana, mpaka mlangoni, si ndani, maana ndani yuko mkwe.

Aprili 13

Eliamini anachungulia kila gari, dirisha hili na dirisha lile, kama kuku anayetafuta punje. Magari yanapanga foleni mvuani, watu wanapiga honi. Leo nimemtania mbele ya vijana, nikamwambia anamtafuta mke wa nani humo ndani. Akanijibu bila hasira.

"Baba, nikifungwa, Soila na mtoto watakula kwenu. Na ninyi mna maziwa ya kibuyu kimoja."

Soila ana mimba kubwa. Nikarudi kwenye matope yangu.

Aprili 18

Mto umejaa. Maji yamegusa ukuta wa nyuma. Wamefunga mlango wa nyuma kwa gogo, wakaweka magunia ya mchanga. Meru hauonekani wiki ya ngapi sasa sijui. Chuma cha Mpagazi kinalia chenyewe hata kisipobeba kitu. Sadoki anasema ni baridi. Nimesikia chuma cha mizinga ya vita kikilia kwa baridi. Hakikulia hivi.

Aprili 21

Nitaandika yote na nitaandika yalivyo.

Mchana ilinyesha mvua ya mawe. Nosim alifika na kibuyu, kanga imemganda mwilini, anatetemeka. Nikamwuliza Sadoki, Eliamini yuko wapi. Akasema amekwenda kula. Nikamwambia Nosim aingie.

"Humo ndani siingii," akasema. "Nitasimama hapa."

"Hapa utakufa. Yeye hayupo. Ingia, ukae hata kidogo. Mimi ndiye nasema."

Akaingia. Kwa mara ya kwanza akamwona Mpagazi, akamtazama toka chini mpaka juu, akasema, "Baba Soila, hiki kinakula nini?" Nikamwambia kinakula umeme. Nikacheka. Nikarudi mlangoni, maana gari la mwenye duka la vitambaa lilikuwa limefika limejaa matope, na nyuma yake yalikuwa mengine. Juu ya sahani tayari lilikuwepo gari jingine, kubwa, jeusi, limeachwa na mwenyewe.

Eliamini hakumaliza kula. Alisikia honi, akarudi akikimbia, akapita mlango mdogo wa ofisi. Na kwa sababu aliona pindo la kanga ukutani, akakohoa. Akakohoa vizuri, kama nilivyomfundisha.

Nosim akatafuta pa kujificha. Mlango wa nyuma una gogo. Ukuta mtupu, na mbele yuko mkwe. Akafungua mlango wa lile gari jeusi, akaingia nyuma, akalala chini kati ya viti, akavuta kanga kichwani.

Haya ameniambia yeye mwenyewe. Na Eliamini ameniambia yake. Aliposikia miguu ya mama mkwe wake inasogea, aliinamisha kichwa na kungoja. Akaona kimya. Akadhani ametoka nje kwa mlango niliokuwa mimi. Lakini hakuwa na hakika, na kama hakuwa na hakika, angechunguliaje? Angeinua macho akamkuta amesimama nyuma ya gari? Honi zikaendelea. Akaenda ukutani macho chini. Akapiga kengele. Nosim aliisikia kengele, hakujua ni ya nini, na hata angejua asingetoka, maana mkwe alikuwa pale.

Akabonyeza.

Nikageuka niliposikia injini. Nikaona gari linapanda, na kibuyu cha maziwa kiko sakafuni peke yake.

"Mama yako yuko wapi?" nikapiga kelele.

Eliamini alikitazama kibuyu, kisha gari. Sijawahi kuona uso kama ule, na nimeona watu wakipigwa risasi. Akarukia swichi kulishusha, na wakati huo huo umeme ukakatika. Gari likasimama ngazi ya pili, pua ndani ya tundu, matako nje, linayumba.

Nikashika mpini wa gurudumu. Sadoki akashika upande wa pili. Likashuka kidogo, likainama. Eliamini akasema, "Acheni. Litaanguka. Lazima mtu amtoe kwanza." Akapanda kwenye vyuma kama nyani, mikono inavuja damu, mpaka kwenye dirisha. Na nitaapa kwa hili popote: aligeuza uso wake pembeni, akaingiza mkono bila kutazama.

"Mama, usisogee. Shika mkono wangu. Sitakutazama. Mama, shika tu."

Nosim hakujibu. Hajawahi kumjibu neno tangu alete ng'ombe wa mahari.

Nikamwita toka chini. "Nosim. Mshike mkono. Mimi nimeruhusu."

Akaniambia kwa Kimaasai, sauti yake ndogo, "Si yako kuruhusu."

Halafu akafungua mlango wa upande mwingine, upande usio na mkwe, akatoka.

Alipiga nyonga kwenye boriti ya chuma, kisha sakafu. Gari halikuanguka. Lilibaki juu linayumba.

Aprili 22

Nosim yu hai. Yuko hospitali. Nyonga imevunjika.

Eliamini amechukuliwa na polisi.

Aprili 24

Muuguzi anaitwa Tabea, Mmeru wa mlimani, ana mikono mizuri. Nosim amemwambia yote, kwa nini aliingia garini na kwa nini alitoka. Tabea akaniuliza kama ni kweli. Nikasema, mke wangu hasemi uongo, hajui namna.

Aprili 29

Nimekwenda kumwona Eliamini mahabusu. Mvua inaingia kwa dirisha la juu. Inspekta amemwuliza mara nyingi kwa nini hakutazama, naye anajibu neno moja: "Sikutazama."

"Waeleze," nikamwambia. "Waeleze sababu."

"Baba, nisimame mbele ya wanaume niseme mama yangu alijilaza chini garini, pale Wazungu wanapoweka miguu, kwa ajili yangu? Nimtaje hivyo, waandike, wasome?"

"Watakufunga."

"Ndiyo."

Machi nilisema hana shingo inayopinda. Leo nimemwomba ainyooshe, nayo haitaki. Nilitembea mpaka Sakina nikinyeshewa, sikukumbuka kufunika kichwa.

Mei 2

Mpagazi anafanya kazi tena. Swichi amepewa Sadoki. Haangalii dirisha hata moja, maana foleni ni ndefu na Bwana amesimama nyuma yake na saa. Ninapokwangua matope nagonga kila kioo nasema hodi. Vijana wananicheka. Nacheka nao, halafu nagonga kingine.

Mei 10

Mvua.

Mei 19

Nosim amerudi nyumbani kwa kubebwa. Mguu mmoja hauendi. Soila anamgeuza kitandani na tumbo lake lile. Nimemwambia Nosim kwamba yeye peke yake ndiye anaweza kumtoa Eliamini, kwa kusema kwamba alijificha. Lakini shahidi husimama chumba kimoja na mshtakiwa.

Usiku ulipoingia akaniambia, "Nitaingia. Kiti changu kigeuzwe."

Juni 7

Mvua imekuwa manyunyu, baridi imeanza. Mimi na Lomayani tulimbeba Nosim kwenye kiti mpaka mahakamani. Tukakiweka mgongo kwa mshtakiwa. Hakimu akauliza kwa nini, mkalimani akamwambia mama ni mgonjwa.

Bwana Reginald alisema kwanza. Alisema amri ya kuchungulia ipo tangu Machi, na kijana aliijua. Kweli. Hakuulizwa amri ilianza kwa sababu ya nani. Lomayani alinyoosha mkono aseme, wakamwambia hakuitwa.

Kisha Nosim. Alisema Kimaasai, bila kutetemeka. Alisema mkwe wake alikohoa kama inavyopasa. Alisema aliingia garini kwa hiari yake. Alisema, "Angenitazama, angekuwa mtoto mbaya. Hakunitazama." Nilijivuna pale nilipokaa. Mkalimani alifupisha, lakini maana ilifika.

Ndipo inspekta akasema, "Mwambie ageuke, atuonyeshe mtu aliyekohoa."

Lomayani na askari wakageuza kiti. Nosim akabaki ameinamisha kichwa.

"Ni huyu?"

"Sijui," akasema. "Sijawahi kuuona uso wake."

Watu wakacheka. Mkalimani naye akacheka. Akamwuliza, "Mama, amemwoa binti yako, anakula kwako, na humjui?"

"Namjua kwa miguu. Avue viatu nitakwambia."

Wakacheka zaidi. Eliamini alikuwa amesikia. Aliinama pale kizimbani akaanza kufungua kamba za viatu vyake, na askari akadhani anataka kukimbia, akamkamata mikono. Hakimu akauliza hawa wanacheka nini. Mkalimani akafuta macho akasema, shahidi hamtambui mshtakiwa.

Hakimu akaandika.

Nikasimama. Nilisema, Bwana, hakusema hivyo. Nilisema kwa Kiswahili, nikasema kwa Kimaasai, nikasema na kile Kijerumani nilicho nacho. Nikatolewa nje na askari wawili. Mmoja hakutosha.

Nikiwa nje, kwenye manyunyu, Lomayani akaja kuniambia. Mwaka mmoja, na kazi ngumu. Eliamini aliondolewa akiwa na kiatu kimoja.

Juni 9

Soila amejifungua mtoto wa kiume. Baba yake hajaambiwa.

Huu ndio ukweli wa mimi Lesikar. Mkwe wangu hakutazama kwa sababu amefundwa, na aliyemfunda ni mimi, na sijutii adabu. Nakataa tu kwamba iitwe uzembe katika karatasi za serikali. Asiyeamini, watu wapo. Sadoki wa Lemara alishika mpini na mimi, alisikia maneno ya dirishani, na atayasema siku atakapoacha kuiogopa kazi yake. Lomayani anamjua aliyebonyeza siku ile ya wageni, maana alikuwa ndani. Tabea wa hospitali alisikia habari kwa mgonjwa kabla watu hawajaanza kushauriana. Bwana Reginald anajua yote, aulizwe mbele ya Biblia yake. Na asiyeridhika na hao aje Sakina amwulize Nosim mwenyewe. Hatembei. Atamkuta.